Heko Wapiga Picha wa Magofu

Treni ya mwisho iliondoka stesheni ya Michigan Central, mjini Detroit, mwaka 1988. Jengo hilo la 1913 likatelekezwa: vioo vikavunjwa, nyaya za shaba zikaibwa.

Wapenda magofu hawakulisahau. Kwa desturi yao huingia magofu kwa vikundi, maana sakafu mbovu ni hatari kwa mtu aliye peke yake, na hawaondoki na kitu isipokuwa picha.

Wafaransa Yves Marchand na Romain Meffre walitoa kitabu chao cha picha za magofu ya Detroit mwaka 2010. Wapo waliolalamika kwamba picha kama hizo zinapamba umaskini, na wakazi walikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini bila kamera hizo, nani angejua miaka ile ya upweke ilivyokuwa? Wapiga picha hao wanastahili pongezi.

Kampuni ya Ford iliinunua stesheni mwaka 2018, ikaikarabati na kuifungua tena Juni 2024.