Pembe za Nati

Ukitaka kujua pikipiki ya zamani ilitunzwa na mtu wa namna gani, usianze na tangi wala kiti. Angalia nati. Nati iliyofunguliwa kwa spana isiyo saizi yake hupoteza pembe, ikaviringika, mwisho fundi analazimika kuigonga kwa patasi ndipo itoke. Nati za Honda aliyotuachia baba, zile za juu ya injini zinazofunguliwa mara kwa mara kuliko nyingine, zina pembe zake zote sita mpaka leo. Zimefubaa, lakini ukizipapasa unahisi kila ukingo. Pikipiki hiyo ilimbeba baba, bwana shamba, kwenye matope ya Rungwe tangu mimi sijaanza shule, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyezigusa kwa papara.

Wengi wanadhani kufufua chombo cha marehemu ni matengenezo ya kawaida yaliyotiwa huzuni. Mimi nakuona ni ufundi unaojitegemea, na mgumu kuliko unavyotazamwa. Fundi anayetengeneza bodaboda iliyozimika jana ana tatizo moja mbele yake, na mteja anayesubiri kurudi barabarani kabla ya jioni. Anayefufua chombo cha marehemu anakutana na mkono wa mtu mwingine kwenye kila bolti. Inambidi ausome mkono huo, kisha aamue kipande kwa kipande kipi kiondoke na kipi kibaki.

Kwetu Lufingo chombo kisichotumika hakipumziki. Rungwe ni kati ya wilaya zenye mvua nyingi kabisa Tanzania. Eneo la Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu huingia hata mahali palipoezekwa vizuri. Udongo wetu wa volkano unatupa ndizi, chai, viazi na sasa parachichi, lakini ukilowa hung'ang'ania tairi na kujaa chini ya madgadi mpaka gurudumu likatae kuzunguka. Baba alipoanza kuugua, pikipiki iliingizwa kwenye banda la kuni lililopakana na jiko. Moshi wa jikoni uliisaidia kiasi. Hata hivyo tulipoitoa, cheni ilikuwa haikunjiki tena, nyaya za klachi na breki zimeshikamana ndani ya mipira yake, na petroli iliyobaki kwenye kabureta imekuwa utomvu wa kahawia.

Ni Honda CG125. Wanaozijua hizi watatabasamu wakisoma jina hilo. Ilitoka katikati ya miaka ya 1970, na kabla ya kuichora, wahandisi wa Honda walikwenda kutazama jinsi pikipiki zinavyotumika katika nchi ambazo chombo hicho ni cha kazi. Waliona mizigo inayozidi uwezo, oili isiyobadilishwa na cheni zinazokauka kwa vumbi. Wakarudi na jibu. Injini nyingi za Honda za wakati huo zilikuwa na kemshafti juu kwenye kichwa cha silinda, mahali pa kwanza kuumia oili ikichakaa au ikipungua. Kwenye CG waliishusha chini, karibu na oili, wakaacha fimbo mbili nyembamba za chuma zipandishe msukumo hadi kwenye valvu. Cheni ya kuzungusha kemshafti haikuhitajika tena. Cheni ya gurudumu nayo wakaifungia ndani ya boksi la bati.

Injini hiyo, basi, ilitengenezwa kwa kukisia kwamba mwenye nayo hatajali, na kwamba hata asipojali imfikishe. Baba alijali. Mashine iliyoandaliwa kuvumilia uzembe ilipopata mtu mwangalifu, matokeo yake ni haya: tumeifungua tukakuta kemshafti haina mkwaruzo wa kutia shaka, na meno ya gia yamechakaa sawasawa bila hata moja kumeguka. Silinda ndiyo iliyokuwa imeliwa, maana ringi zilishikana na ukuta wake wakati wa kukaa.

Spea haikuwa tatizo, na sababu yake inanifurahisha. Injini ya CG ndiyo iliyonakiliwa na viwanda vingi vya China, na pikipiki hizo ndizo zilizojaza vijiwe vya bodaboda Tanzania kabla na baada ya kanuni za mwaka 2010 zilizoruhusu rasmi pikipiki kubeba abiria kwa leseni. Kipenyo cha silinda ya baba ni milimita 56.5, pistoni inatembea milimita 49.5, na vipimo hivyo utavikuta kwenye 125 nyingi za Mchina. Kijana wa duka la spea pale Tukuyu aliitazama pistoni ya zamani, akafungua droo, akatoa mpya. "Hii inaingia," akasema, bila kuuliza ni pikipiki gani. Injini ya bwana shamba ina ukoo mkubwa kijiweni, na vijana wanaouendesha hawajui walivyo ndugu.

Fundi wetu ni mzee wa Tukuyu aliyejifunza kazi wakati spea ilikuwa ya kusubiri, na aliyesubiri alilazimika kujua kutengeneza. Sitamtaja, yeye hapendi. Nilimpelekea kabureta kwenye mfuko wa nailoni. Aliilowesha usiku kucha, kesho yake akaanza kuivua vipande juu ya gazeti. Jeti ni kipande cha shaba nyeupe kisichozidi ukucha, chenye tundu ambalo usipoliinua kwenye mwanga hulioni. Kijana anayejifunza hapo gereji alisogeza waya wa breki azibue. Mzee akamzuia mkono. Waya wa chuma hukwangua shaba, tundu likapanuka kwa kiasi ambacho jicho halioni, na tangu siku hiyo pikipiki inakunywa petroli na plagi inafanya masizi. Yeye anatumia kipande cha mshipi wa kuvulia, ule wa nailoni unaouzwa Kyela kwa wavuvi wa Ziwa Nyasa. Aliupitisha polepole, akapuliza, akaangalia tena, akapitisha tena.

Halafu akatoa sindano ya kabureta. Ina mikato midogo ya kupachikia kipini, na kiwandani kipini huwekwa mkato wa katikati. Cha baba kilikuwa mkato mmoja juu. Mzee alinyamaza, kisha akaniuliza, "Baba yako alikuwa anaishi juu huku, siyo?" Nikamwambia ndiyo, Lufingo. Ukipandisha kipini, sindano inashuka na petroli inapungua. Kyela iko karibu na usawa wa ziwa, kama mita 500 juu ya bahari. Tukuyu imepita 1,500. Hewa ya huku ni nyepesi, petroli ikibaki kipimo kilekile inazidi hewa, injini inakuwa nzito mlimani. Baba aliitega pikipiki kwa ajili ya kwao. Hakuwahi kutueleza hilo, na sisi tusingejua cha kuuliza. "Tunaiacha hapo hapo," mzee akasema. Ndaga fijo, asante sana, nikamjibu.

Kurekebisha valvu ni kazi ninayoipenda kuitazama kuliko zote. Injini iwe baridi kabisa, pistoni iwe juu na valvu zote mbili zimefunga, kisha unapitisha ubapa wa chuma mwembamba wa milimita 0.08 kati ya skrubu na ncha ya valvu. Ukilegeza mno injini inalia, ukibana mno valvu haifungi na inaungua. Kipimo kimeandikwa kwenye ubapa, lakini uamuzi uko kidoleni: ubapa utoke kwa kuvutwa, kama karatasi iliyolaliwa na kitabu kimoja. Unafunga nati ya kulinda, na nati ikikaza skrubu inasogea kidogo, unapima upya. Mzee hupima hata akiwa na uhakika. Hapo ndipo zilipo zile nati zenye pembe, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba baba alikuwa akifanya kazi hii mwenyewe, kwa spana sahihi, jioni za Jumapili ambazo sisi tulidhani anakwepa wageni.

Ufundi wa chuma haujaanza na Honda huku kwetu. Kabla ya Wajerumani kujenga boma lao Tukuyu, majembe na mikuki ya Wanyakyusa ilitoka kwa wahunzi wa Wakinga, ng'ambo ya bonde, kwenye Milima ya Livingstone. Soichiro Honda mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1906, alikuwa mtoto wa mhunzi ambaye baadaye alitengeneza baiskeli. Nayataja haya kwa kuwa nasikia mara nyingi gereji ikisemwa kama mahali pa walioshindwa shule. Mtu anayepima milimita 0.08 kwa kidole asitafutiwe huruma.

Ilikuja zamu ya kuamua. Matairi, cheni, nyaya, mipira ya petroli na viatu vya breki vyote viliondoka bila mjadala. Barabara ya kutoka Tukuyu kushuka Kyela ina miteremko mirefu, na mapenzi kwa marehemu hayana kazi kwenye breki. Silinda ilichongwa, ikaingia pistoni ya saizi ya juu. Tangi tulilitia kokoto ndogo na maji ya sabuni, tukalitikisa mpaka kutu ya ndani ikatoka. Rangi ya nje ndiyo iliyoleta ubishi. Mdogo wangu alitaka ipigwe upya, nyekundu inayong'aa. Mimi nilikataa kwa sababu ya mabaka mawili ubavuni mwa tangi, ambako magoti yake yalisugua mpaka bati likaonekana. Rangi mpya ingeyafuta kwa nusu saa. Tuliyapaka vanishi ya kuzuia kutu, basi. Mpira wa kukanyagia wa kulia ulioliwa upande mmoja nao tuliurudisha, hauhatarishi mtu.

Sheria ina hatua zake pia. Mahakama ya Mwanzo ilitaka muhtasari wa kikao cha ukoo na cheti cha kifo kabla ya kumthibitisha msimamizi wa mirathi, na bila karatasi za mahakama kadi ya pikipiki haiwezi kuhamishwa jina. Tulifuata. Chombo kilichofufuliwa huku kadi yake ikiwa na utata kitazaa kesi.

Baadhi ya ndugu walishauri pikipiki ifunikwe na kuhifadhiwa, itolewe siku za kumbukumbu. Nilipinga, na mzee wa Tukuyu aliniunga mkono kwa hoja ya kifundi: injini isiyowashwa hukausha oili juu, ringi zikashikana tena, na kazi yote ikawa bure. Kwa hiyo amepewa mpwa wangu anayepeleka maziwa. Inabeba madumu asubuhi, na msimu wa kupanda inabeba miche ya parachichi, mahali baba alipokuwa akifunga miche ya chai. Sharti alilopewa ni moja: valvu atazirekebisha mwenyewe. Spana za baba amekabidhiwa pamoja na ufunguo, na mzee amekubali kumsimamia hadi kidole chake kitakapoujua ule uzito wa kuvuta ubapa.