Dhamana: Istilahi Moja, Mambo Mawili

Miongoni mwa istilahi za sheria zimpasazo askari polisi kuzijua, "dhamana" yastahili kuhakikiwa. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 chataja njia mbili za kumwachilia aliyekamatwa: kuweka fedha, au kutia sahihi hati ya ahadi, pengine pamoja na mdhamini. Kiswahili cha kila siku huziita zote mbili "dhamana".

Neno hili lina asili ya Kiarabu, na kiini chake ni mtu kujifunga kwa ajili ya mwenziwe. Mzazi wa Kibokoni, Mombasa, aambiwapo "lete dhamana", aweza kuja na jirani mwenye heshima ilhali askari angoja fedha. Naye alipaye bila kuelezwa aweza kudhani ni faini au hongo, asizidai kesi iishapo.

Kasoro si ya Kiswahili. "Dhamana ya fedha" na "dhamana ya ahadi" zatosha kuondoa utata. Kifungu hichohicho chataka aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha aielewayo. Kipimo hicho chaifaa dhamana pia.