'Isiyo na maana' kwa nani? Tafsiri inayompotosha mgonjwa

Hivi majuzi niliombwa nipitie Kiswahili cha fomu ya ridhaa. Utafiti wenyewe ulihusu saratani ya tumbo, na wagonjwa walikuwa wakiombwa kipande kidogo cha uvimbe pamoja na damu. Lugha ilikuwa nzuri hadi aya ya tatu: ati watafiti watapima "RNA ndefu isiyo na maana". Nikaweka kalamu chini. Kama haina maana, mbona mnitoe damu kuipima?

Mfasiri hakukosa bidii. Alichokosa ni kuuliza istilahi ya Kiingereza inakanusha nini hasa. Seli hunakili jeni na kupata RNA, na nakala tulizozizoea hubeba maagizo ya kuunda protini. Binadamu ana jeni za aina hiyo zipatazo 20,000, na maagizo yenyewe hayafikii asilimia 2 ya DNA yake. RNA inayotajwa kwenye fomu, yenye urefu wa herufi zaidi ya 200, haibebi maagizo hayo. Basi. Kinachokanushwa ni protini, wala si maana au kazi.

Tusimlaumu mfasiri peke yake. Mwaka 1972 mwanasayansi Susumu Ohno aliiita sehemu kubwa ya DNA yetu takataka, na jina likaganda. Sasa hebu tuitazame HOTAIR, iliyoelezwa mwaka 2007 na John Rinn, Howard Chang na wenzao nchini Marekani. Haiagizi protini yoyote, ila inahusishwa na kuzinyamazisha jeni nyingine. Tafiti kadhaa zimeikuta kwa wingi katika uvimbe wa saratani ya tumbo, hasa pale ugonjwa unapokuwa umefika kwenye matezi. Nyingine, H19, imetafutwa hata damuni ili ionekane kama inaweza kuashiria ugonjwa. Hivi bado si vipimo vya kawaida hospitalini, na tusimwahidi mgonjwa makubwa. Lakini kusema havina maana?

Sisi watu wa lugha tulipaswa kulielewa jambo hili mapema. Linganisha "asome" na "asisome". Kile kiambishi "-si-" hakitaji mtu, kitu wala tendo. Kipachike tu, na agizo zima limegeuka. Nani atathubutu kukiita kiambishi kisicho na maana?

Napendekeza "RNA ndefu isiyoagiza protini". Wapo watakaopendelea "isiyosimba protini", kwa kuwa msimbo tumeuzoea katika kompyuta. Sina ugomvi nao, mradi neno protini libaki, kwani ndilo linaloonyesha mpaka wa ukanushi. Hata hivyo, kwa fomu ya mgonjwa, "agiza" linaeleweka bila mkalimani.

Nilipompigia mfasiri simu, alinijibu, "Prof, kwani nani husoma hizo fomu? Watu hutia sahihi tu." Jibu hilo lilinisumbua kuliko tafsiri yenyewe. Ukishaamini kwamba mgonjwa hasomi, utamwandikia lolote, naye akisoma ataona mnataka nyama ya mwili wake kwa ajili ya upuuzi. Akikataa, utafiti umempoteza. Akikubali bila kuelewa, hiyo si ridhaa.

Watafiti wetu wawaite wanaistilahi kabla fomu haijachapishwa, nasi tukiitwa tukubali kwanza kufundishwa biolojia. Fomu ile nimeirudisha ikiwa na wino mwekundu kwenye mstari mmoja tu.