Kumpambanua Mwalimu Stadi wa Mtoto Mwenye Usonji

Mzazi wa Eldoret ambaye mwanawe amekwisha kuthibitishwa kuwa ana usonji, ama na kituo cha tathmini ya elimu, taasisi ambayo Kenya imekuwa nayo tangu mwaka 1984, ama na madaktari wa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, hukabiliwa upesi na swali jingine zito: katika walimu wanaodai kuijua elimu ya kuchambua na kujenga tabia, ni yupi amkabidhi mtoto wake? Vyeti vina thamani yake, na picha za ukutani zina thamani ndogo zaidi. Rai yangu ni kwamba aombe ruhusa ya kuketi pembeni somo zima, aitazame mikono ya mwalimu.

Asili ya elimu hii ni nyepesi kuitaja: kitendo kinachofuatiwa na jambo alipendalo mtendaji hurudi, na kisichofuatiwa na kitu hufifia. B. F. Skinner wa Marekani aliichunguza kanuni hiyo kwa panya na njiwa, na mwaka 1968 Baer, Wolf na Risley wakaandika masharti 7 ya kuitumia kwa manufaa ya watu, mojawapo likiwa kwamba badiliko lidumu na kuenea hata asipokuwapo mwalimu. Sharti hilo ndilo mizani yangu.

Tazama basi somo la kunawa mikono. Mwalimu dhaifu humshika mtoto mikono, akamwosha, akamsifu, na kesho akafanya vivyo hivyo, hata mwaka ukapita. Stadi amekwisha kulikata tendo hilo vipande, kufungua mfereji, kulowesha, kupaka sabuni, kusugua, kusuuza, kufunga, kujifuta. Na aghalabu huanzia mwisho, yaani humsaidia katika yote ila kujifuta, ili mtoto aionje ladha ya kumaliza kwa nguvu zake mwenyewe, kisha humwachia na kufunga mfereji, akirudi nyuma hivyo hadi mwanzo. Hapo ndipo jicho la mjuzi linapokaza: msaada wapunguaje? Leo mkono wa mwalimu uko juu ya mkono wa mtoto. Baadaye wagusa kiwiko tu. Kisha yabaki ishara ya kidole. Hatimaye mwalimu amesimama nyuma, kimya, akisubiri. Kusubiri huko ni kugumu kuliko kutenda, na ni wachache wakuwezao.

Malipo nayo yana adabu yake. Yawe kitu akipendacho mtoto huyu hasa, kipande cha chapati au kubembea, yaje papo hapo, na yapungue kadiri tendo linavyozoeleka. Mwalimu anayetoa peremende ili kukinyamazisha kilio amekifundisha kilio. Omba pia daftari la alama za kila jaribio: ikiwa alama hazipandi wala mbinu haibadiliki, daftari hilo ni pambo.

Katika kuukataa ukali sioni haja ya kusitasita. Ivar Lovaas, ambaye matokeo yake ya mwaka 1987 yaliieneza sana fani hii, alitumia hata makofi; nchini Kenya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza adhabu ya viboko na mateso ya nafsi, na watu wazima wenye usonji wameeleza uchungu wa kulazimishwa kuwatazama watu machoni. Mtoto anayepunga mikono kwa furaha hana kosa la kurekebishwa. Anayejigonga kichwa ahitaji mwalimu atakayeuliza kwanza ni nini kilichotangulia na nini kilichofuata, huenda sikio lauma, huenda amechoka, kisha amfundishe ishara ya kuomba mapumziko.

Mwalimu ambaye, bila kuulizwa, husema angependa kuja nyumbani, tuseme mtaani Langas, amwone mtoto akinawa kwa jagi na karai la nyanya yake, mpe nafasi ijapokuwa ni kijana na chumba chake ni kitupu. Anayejisifu kwamba mtoto hamtii mtu ila yeye, muulize atajiondoa lini na kwa njia gani. Asipokuwa na jibu, endelea kutafuta.