Rosette Bila Nyota Zake

Kufuta fungunyota la NGC 2244 kutoka katika picha ya Nebula ya Rosette ni kosa la wazi, wala uzuri wa wingu linalobaki haulipunguzi, kwa sababu nyota zinazofutwa ndizo zinazoliwasha wingu lenyewe. Wapigapicha wa anga wa ridhaa, yaani wale wasiolipwa na taasisi yoyote, wamelizoea kosa hili kiasi cha kulifanya hatua ya kawaida ya kazi, na msomaji aliyefuatilia picha za Rosette za miaka ya karibuni amekwisha kuyaona matokeo: ua jekundu, au la dhahabu na buluu, lenye shimo tupu katikati.

Kwa anayepiga picha akiwa Juba hasara ni kubwa zaidi. Fungunyota hilo, lililomo katika kundinyota la Munukero, mashariki mwa Jabari, liko takriban nyuzi 4.9 kaskazini mwa ikweta ya anga, nayo Juba iko nyuzi 4.85 kaskazini mwa ikweta ya dunia, hivyo Rosette hupita utosini mwa mji huo kwa tofauti ndogo kuliko upana wa Mwezi. Huko London Rosette haipandi zaidi ya nyuzi 43 hivi juu ya upeo. Katika siku za mwisho za Desemba, mvua zikiwa zimekwisha, hufika utosini mwa Juba karibu na saa sita usiku, na hata saa za ukutani sasa zinakubaliana na anga, kwa kuwa tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja, uamuzi ambao mtazamaji wa nyota hana sababu ya kuulalamikia. Mwanga unaoshuka kutoka utosini hupita katika hewa nyembamba kuliko mwanga wa upande mwingine wowote, kwa hiyo nyota za katikati hufika kwenye kamera zikiwa safi kuliko zinavyoweza kufika Ulaya.

Ugumu wa Juba uko kwenye kitako cha darubini. Kutubu, nyota inayotumiwa na watu wa kaskazini kulenga mhimili wa kitako, iko hapa nyuzi tano tu juu ya upeo, ndani ya vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa kiangazi, na vitako kadhaa haviwezi kulazwa kiasi hicho mpaka vitiwe kabari. Vitabu vingi vya mwongozo, vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wa latitudo ya 40 au 50, havina msaada wowote katika jambo hili. Anayelenga kwa njia ya mteleko, yaani kwa kutazama nyota inateleza upande gani na kurekebisha kitako kidogo kidogo, amefanya kazi safi.

Uharibifu huja baadaye, kwenye kompyuta. Picha nyingi za dakika kadhaa zimekwisha kulinganishwa na kuunganishwa kuwa faili moja, na katikati ya faili hiyo zinaonekana nyota sita angavu, zimejipanga kwa mistari miwili kama mstatili mrefu. Hapo ndipo mpigapicha anapoendesha programu iliyofunzwa kuzitambua nyota na kuziondoa, StarNet ikiwa mojawapo, na faili hugawanyika mara mbili, moja ya gesi na nyingine ya nyota. Gesi hunyooshwa, maana yake mwanga wake hafifu huinuliwa mpaka uonekane, halafu nyota hurudishwa zikiwa zimefifizwa, au hazirudishwi kabisa.

Mstatili ule haukustahili kutendewa hivyo. Nyota mbili za fungunyota, HD 46223 na HD 46150, ni za aina O, aina yenye joto kali kupindukia, na mwanga wake wa urujuanimno huionisha hidrojeni, yaani huzinyang'anya atomi elektroni zake. Elektroni zinapozirudia atomi hutoa ule wekundu wa nanomita 656.3 ambao mpigapicha amekesha akiukusanya. Pepo za nyota hizohizo, yaani mikondo ya chembe inayovuma kutoka juu ya nyuso zake, ndizo zilizochimba shimo la katikati. Mtazamaji akionyeshwa shimo bila waliolichimba, ameonyeshwa jambo lisilo na sababu. Tena pale nyota ilipokuwa, programu hujaza kwa kukisia kutokana na pikseli za jirani, kwa hiyo kitovu cha picha, ambacho ndicho chenye habari nyingi kuliko sehemu nyingine zote, hugeuka kuwa mahali pa kubuni.

Wala madhara hayaishii hapo. Miongoni mwa nyota hizo huonekana 12 Monocerotis, nyota ya manjano iliyo karibu nasi zaidi na isiyo ya fungunyota hata kidogo, ambayo rangi yake huitenga mara moja na weupe wa kibuluu wa nyota zinazoizunguka. Zote zikipunguzwa kwa kipimo kimoja mpaka ziwe nukta nyeupe, mgeni na wenyeji hawatofautishiki tena.

Mtindo huu una ndugu yake mkubwa, nao ni rangi za picha ya nguzo za Nebula ya Tai, iliyopigwa kwa darubini ya anga ya Hubble mwaka 1995 na kuandaliwa na Jeff Hester na Paul Scowen, ambamo salfa ilipewa nyekundu, hidrojeni kijani na oksijeni buluu. Wataalamu hao walikuwa na haja ya kuitenga hidrojeni na salfa, ambazo zote hung'aa kwa wekundu unaokaribiana, na jambo hilo halina ubishi. Waigaji wao wa leo huipa hidrojeni kijani, kisha kijani hicho wakakigeuza dhahabu kwa kuwa hakiwapendezi, na mwishowe hakuna anayeweza kusoma katika picha yao gesi gani iko wapi.

Watetezi wa ufutaji husema kwamba nyota angavu huimeza gesi hafifu inaponyooshwa, na tatizo hilo ni la kweli, ila ni la zamani na lilikwisha kutatuliwa. David Malin, akifanya kazi na mabamba ya kioo ya darubini kubwa ya Siding Spring nchini Australia, alitengeneza nakala yenye ukungu ya bamba lenyewe na kuitumia kama kinyago cha kuzuia mwanga pale ulipozidi, hata sehemu angavu na sehemu hafifu zikaonekana katika chapa moja bila nyota kufutwa. Kabla yake, Henry Draper, daktari wa New York, alipata picha ya kwanza ya nebula tarehe 30 Septemba 1880 kwa kuielekeza darubini yake kwenye nebula ya Jabari kwa dakika 51, na mwaka 1883 Andrew Common, mhandisi wa Ealing aliyekuwa mtu wa ridhaa vilevile, alipiga nebula hiyohiyo na bamba lake likaonyesha nyota ambazo jicho kwenye darubini halikuweza kuziona. Common alisifiwa kwa kuziongeza nyota. Mwanaastronomia Barnard naye alizikagua kwa mkono wake chapa zaidi ya 35,000 za atlasi yake ya Njia Nyeupe, ili kitu kilichokuwa kwenye bamba kisipotee kwenye karatasi.

Kinyago cha Malin leo hutengenezwa kwenye kompyuta kwa dakika chache, na kamera ya dijitali inaongeza jambo ambalo yeye hakuwa nalo kwa urahisi: seti ya pili ya picha za sekunde chache, iliyopigwa usiku uleule Rosette ikiwa utosini, ambamo nyota sita za katikati hazijajaa mwanga kupita kiasi na rangi zake hazijaungua. Seti hiyo huwekwa juu ya kitovu, na zile za dakika kadhaa huachiwa gesi ya pembeni.