Shahada, Ajira na Neno "Kujiajiri"

Katika hotuba na magazeti ya Afrika Mashariki, habari za msomi aliyekosa kazi husemwa kwa maneno machache yanayorudiwarudiwa: shahada, ajira, kujiajiri. Yafaa maneno hayo yapimwe, kwa kuwa mara nyingi hukumu ya mtu huyo huwa imekwisha kukatwa ndani ya neno kabla ya hoja kutolewa.

Shahada ni neno la asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni ushahidi: chuo humshuhudia mwanafunzi kwamba anajua. Uzamivu, jina la shahada ya juu kabisa, latokana na kuzama. Mwenye nayo ni kama mpiga mbizi aliyefika chini katika jambo moja. Majina hayo hayaahidi mshahara. Ahadi ilitoka kwingine, nayo ilikuwa ya kweli kwa wakati wake. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, mojawapo ya manung'uniko yao lilikuwa kwamba kwa miezi 18 wangepewa asilimia 40 tu ya mshahara. Zaidi ya 300 walifukuzwa. Ugomvi ulihusu kiasi cha mshahara. Kwamba mshahara upo, hapana aliyetia shaka.

Leo shaka imehamia hapo hapo. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya iliweka sharti la mhadhiri kuwa na uzamivu. Sharti lilitaka shahada, halikuumba nafasi. Wako waliozamia, na walipoibuka wakakuta kazi ya kulipwa kwa saa.

Ndipo huletwa neno kujiajiri. Kitenzi ajiri kina watu wawili: mtoa ujira na mpokeaji. Kiambishi -ji- huwafanya kuwa mtu mmoja, na mahali pa mwajiri pakajazwa na yule yule asiye na kitu. Kwa seremala neno hilo lina kweli ndani yake, maana mnunuzi wa meza yuko mtaani. Bingwa wa fonolojia hana mnunuzi mtaani. Wanaouhitaji ujuzi wake ni chuo, mchapishaji, redio na baraza la lugha. Akiambiwa ajiajiri, kwa hakika anaambiwa aliache alilozamia, ila neno halisemi hivyo waziwazi.

Wengine hujibu kwa methali: mchagua jembe si mkulima. Methali ni njema, lakini imewekwa mahali si pake. Mkulima wa methali ana shamba mbele yake. Msomi huyu shamba ndilo halioni. Tena wengi hawachagui: wauza dukani, waendesha bodaboda, wafundisha masomo ya jioni. Hao kazi wanayo. Walichokosa ni ajira iliyolingana na shahada. Kiswahili kina maneno mawili, kazi na ajira, na kuyachanganya ni kumdhulumu mtu mara mbili: kwanza kwa kumwita mvivu ilhali anafanya kazi, kisha kwa kudai kwamba shida imekwisha kwa sababu anafanya kazi.

Hapana haja ya kulifukuza neno kujiajiri. Linalotakiwa ni kwamba mwenye kulitumia aeleze ni nani atakayelipa, na atalipia kitu gani. Sentensi isiyoweza kujibu hayo, hata sarufi yake ikiwa sahihi, haijamwambia msomi neno.