Picha za Milima ya Wanuba

Kusini mwa Kordofan, katika nchi ya Sudan, iko milima ya mawe iliyotapakaa uwandani kama visiwa baharini. Wenyeji wake huitwa Wanuba, nao si kabila moja, bali ni watu wengi wenye lugha zipatazo hamsini. Hulima mtama na ufuta, na kwenye miteremko hujenga kuta za mawe ili mvua isichukue udongo. Watu wa Ulaya na Marekani waliowahi kuwasikia waliwajua zaidi kwa miili yao, kwa kuwa waliiona katika picha. Picha hizo ndizo tutakazo kuzipima leo, maana aonaye picha nzuri hupenda kuamini kwamba amekwisha kuwajua watu.

Aliyezivumisha kwanza ni George Rodger, Mwingereza, aliyefika huko mwaka wa 1949. Miaka minne kabla, Aprili 1945, alikuwa ameingia kambi ya Bergen-Belsen pamoja na majeshi ya Kiingereza, akazipiga picha maiti za wafungwa. Mara akajiona anatafuta pa kusimama, ili maiti zipangike vema machoni. Jambo hilo likamtisha, akaapa kuacha picha za vita. Basi, katika milima ya Wanuba alimpiga picha bingwa wa mieleka, mwili umepakwa majivu, amebebwa mabegani mwa mwenzake. Ni picha ya heshima, wala hatuinyimi sifa. Hata hivyo ulimwengu ulimjua bingwa yule kwa mabega yake, si kwa jina lake. Nasi picha ya babu ikitundikwa ukutani, neno la kwanza aulizalo mgeni ni, “Huyu ni nani?”

Picha hiyo ilimvuta Leni Riefenstahl, Mjerumani, ambaye filamu yake ya mwaka wa 1935 ilimtukuza Hitler na chama chake. Alimtolea Rodger dola 1,000 apate kuonyeshwa watu wale, Rodger akakataa. Bibi huyo akaenda mwenyewe mwaka wa 1962, akarudi mara kwa mara, akakaa majuma mengi na Wamesakin na kujifunza maneno ya lugha yao. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka wa 1973, na kingine, juu ya watu wa Kau, mwaka wa 1976.

Hapo yakaanza mabishano. Mwaka wa 1975 Susan Sontag, Mmarekani, aliandika kwamba kule kuabudu nguvu na mwili usio na kasoro kulikokuwamo katika filamu za zamani kumo pia katika picha hizi. Twaona kwamba asema kweli kwa sehemu kubwa. Walakini hoja hii yatupeleka Ujerumani upesi mno. Shauri likawa juu ya moyo wa mpiga picha, na Wanuba wakabaki kama mashahidi wasioulizwa neno.

Sisi twauliza ni nini kilichoachwa nje ya picha. Tangu zamani za Waingereza, Wanuba walilima pamba ya kuuza, na wengi waliingia jeshini au kwenda mijini kutafuta kazi. Mwaka wa 1968 serikali ya Sudan iliunda shirika la kilimo cha matrekta, na huko Habila ardhi nzuri ya uwandani ikagawiwa, sehemu kubwa kwa wafanya biashara wa mbali. Yaani miaka ile ile bibi yule alipokuwa akipiga picha, mashamba yalikuwa yakiwatoka Wanuba. Katika picha hamna trekta wala mlipa kodi. Tena alipoziona nguo zimefika milimani alisikitika, kana kwamba ameibiwa. Lakini kijana aliyerudi na shati alilolinunua kwa jasho lake alikuwa Mnuba vile vile kama babaye.

Mwalimu mmoja wa Marekani, James Faris, alitoa kitabu chake juu ya mapambo ya watu hao wa Kau na majirani zao mwaka wa 1972. Alieleza kwamba kijana hajipaki rangi yo yote aitakayo. Kila rika lina rangi zake. Kitabu hicho hakipendezi macho kama kile cha 1976, ila msomaji akikifunga amejua jambo.

Vita vikafika milimani katika miaka ya 1980, na mwaka wa 1992 wakuu wa Kordofan wakatangaza jihadi, ingawa Waislamu pia walikuwa wengi miongoni mwa Wanuba. Vijiji vikachomwa, watu wakahamishwa kwa nguvu, na misaada ikazuiwa miaka mingi. Vitabu vya mabingwa vilikuwa vimekwisha kuenea duniani, navyo havikumwambia msomaji lo lote la kumsaidia kuielewa taabu hiyo. Mwaka wa 2000 bibi yule, mwenye miaka 97, alirudi kuwatafuta rafiki zake, helikopta ikaanguka naye akaumia. Kwa hilo hatumcheki. Mapenzi yake yalikuwa ya kweli.

Vita viliporudi Juni 2011, kamera zilishikwa na Wanuba wenyewe. Ryan Boyette, Mmarekani aliyeoa huko, alikataa kuondoka, akawafundisha vijana kazi hiyo. Picha zao hazikupangwa vema, na nyingine zatikisika. Zaonyesha akina mama na watoto wamejificha katika mapango na mashimo, ndege za Antonov zikipita juu. Na vijana hao waliandika tarehe na jina la kijiji palipoanguka bomu.